Mke wangu amebadilika tangu ajifungue: je, nimrudishe kwao?

Ametuandikia fundi magari wa Tanga, mwenye umri wa miaka 31, ambaye mkewe wa miaka 25 alijifungua mtoto wao wa kwanza kwa upasuaji miezi miwili na nusu iliyopita. Anaeleza kwamba arubaini imepita, kidonda kimepona na mtoto anaongezeka uzito, lakini mama wa mtoto halali hata pale mtoto anapolala, analia bila kusema analia nini, hapokei simu za rafiki zake, na akiguswa na mumewe hugeukia ukutani. Mtoto humnyonyesha, tena kwa wakati, ila akimaliza humlaza haraka kama mtu aliyemaliza zamu yake kazini. Juzi alisema, "Mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa afadhali." Mama mzazi wa fundi, aliyekuja kutoka Pangani kumhudumia mzazi, anaona mkwewe ni mvivu na ana kiburi, jirani anasema ni jini, na kombe limekwisha kuandikwa na kunywewa. Maswali yake ni matatu: je, mke wangu amenichoka? Je, nimrudishe kwao kwa muda? Na je, itakuwa hivi kila tukizaa?

Ndugu yangu, kabla sijagusa swali lako hata moja, naomba tuanze na maneno aliyoyasema mkeo juzi, kwa kuwa hayo hayangoji. Mama anayesema kwamba mtoto wake angepata nafuu kwa mama mwingine huenda anaeleza tu jinsi anavyojiona hafai, na huenda pia anafikiria kufa. Kwa kusikiliza tu huwezi kujua ni lipi, na njia ya kujua ni kumuuliza. Muulize leo, mkiwa wawili, mtoto akiwa kwa bibi yake, kwa sauti ya kawaida: "Mke wangu, ulivyosema vile juzi, ulikuwa unafikiria kufa? Umewahi kufikiria kujidhuru, wewe au mtoto?" Watu wengi huogopa kwamba swali la namna hiyo litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi. Mara nyingi anayeulizwa hupata ahueni, kwa sababu alikuwa akilibeba jambo hilo peke yake akidhani hakuna anayeweza kulisikia. Akikubali, au akinyamaza na kulia pasipo kukanusha, asiachwe peke yake usiku wala mchana, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Jibu lolote utakalopata, ondoa nyumbani leo dawa ya panya, dawa ya kuulia wadudu, vidonge vya maumivu vilivyobaki baada ya upasuaji na, kwa kuwa wewe ni fundi, chupa yoyote ya maji ya betri uliyowahi kuja nayo nyumbani.

Ziko dalili nyingine ambazo ukiziona usingoje kupambazuke: mzazi kukaa siku mbili tatu bila usingizi na bado akawa na nguvu tele, kusikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, kusisitiza kwamba mtoto amebadilishwa au ameingiwa na kitu kibaya, kucheka na kuogopa kwa zamu, au kutojua leo ni siku gani. Huo ni wazimu unaofuata uzazi, ambao huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, kwa kawaida ndani ya wiki 2 za kwanza, na ambao hutibika vizuri mgonjwa akiwahishwa. Katika uliyoyaandika sizioni dalili zake. Hata hivyo usije ukauchanganya na jambo jingine ambalo mkeo anaweza kukueleza ukimuuliza: mama wengi, hata wasio wagonjwa, hujiwa na picha za kutisha akilini, kwamba mtoto amemponyoka mkononi au amezama kwenye beseni. Mama anayetetemeka kwa kuwaza hivyo, na kwa ajili hiyo hataki kumwogesha mtoto akiwa peke yake, anaogopa asimdhuru. Huyo anahitaji kusaidiwa na kutulizwa. Kumnyang'anya mtoto kutamthibitishia hofu yake.

Ninachokiona katika barua yako, kwa kadiri barua inavyoweza kuonyesha, ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inayofuata kujifungua. Nasema hivyo nikiwa najua kwamba uthibitisho utatolewa na mhudumu atakayekaa naye ana kwa ana, na kwamba upungufu wa damu baada ya upasuaji au tezi ya shingo iliyoyumba baada ya uzazi vinaweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na hii. Kwa hiyo aombewe vipimo vya damu. Mama wengi hupitia unyonge wa siku za mwanzo, kulia ovyo na kukasirika upesi, unaoanza siku ya 3 au ya 4 na kwisha wenyewe ndani ya wiki 2. Mkeo amekwisha kuuvuka muda huo kwa mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufika asilimia 19.8, yaani karibu mzazi mmoja katika kila watano. Mtaani kwenu wamo wengine, ila nao wamefunikwa na maneno yale yale: mvivu, ana kiburi, ana jini.

Sasa swali lako la kwanza. Umeandika kwamba ulimuuliza kama amekuchoka naye hakujibu, nawe ukauhesabu ukimya wake kuwa ndiyo. Mwenye sonona huondokewa na uwezo wa kuhisi raha kwa ujumla: chakula hakina ladha, habari njema haimgusi, kicheko cha mtoto wake mwenyewe anakiona kwa macho bila kukisikia moyoni. Ukimuuliza mtu wa hali hiyo kama anakupenda, anajitazama ndani asione kitu, na kwa kuwa hataki kukudanganya, hunyamaza. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba ananyonyesha kwa wakati. Fikiria inamgharimu nini kuamka mara tano usiku, na mshono wa upasuaji tumboni, kwa ajili ya mtoto ambaye kwa sasa hamletei furaha yoyote. Na maneno yale ya juzi, kwamba mtoto angepata mama mwingine, hayatoki kwa mama asiyejali. Asiyejali hasumbuliwi na swali la kama anafaa au hafai. Kwa maoni yangu, upendo upo na ugonjwa umeukalia juu.

Kuhusu kugeukia ukutani, nakuomba uache kuhesabu kuanzia arubaini. Siku 40 ni kipimo cha desturi, na ni kipimo chenye hekima yake, lakini hazikuwekwa kuwa siku ya mwanamke kurejea alivyokuwa. Mwili wa anayenyonyesha huwa na homoni za kike kwa kiasi kidogo, hamu hupungua na ukavu huweza kufanya tendo liume, hata pasipokuwa na sonona. Ukiongeza kovu la upasuaji, kukosa usingizi na huzuni, hakuna linaloshangaza. Mwambie waziwazi kwamba hudai chochote mpaka atakapokuwa tayari mwenyewe. Baada ya kusema hivyo, ukimshika mkono atajua ni mkono tu, na huenda asigeuke tena.

Kuna jambo jingine kuhusu arubaini ambalo naliona mara kwa mara na linaniuma. Katika siku zile mzazi wa pwani hukandwa maji moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, hupokelewa mtoto, na nyumba hujaa wanawake. Siku ikifika watu hutawanyika, kila mmoja akijua kwamba kazi imekwisha, na mzazi hukabidhiwa jiko, ndoo na mtoto kwa pamoja. Sonona hii aghalabu hujitokeza katika miezi 3 ya mwanzo, kwa hiyo wengi huanza kuzama wakati ule ule msaada unapoondoka. Anayesema "mbona arubaini ilikuwa sawa?" anasema kweli, ila hajajiuliza siku zile palikuwa na mikono mingapi.

Pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto mnayoijua tayari. Mtoto alichanjwa wiki ya 6 na ya 10, na atarudi wiki ya 14. Usisubiri siku hiyo, nenda wiki hii. Utakumbuka inavyokuwa pale: mtoto anavuliwa, ananing'inizwa kwenye mzani, anaandikiwa kwenye kadi, anachomwa sindano, anarudishwa mgongoni, na mama aliyemleta haulizwi hata analalaje. Kwa hiyo semeni ninyi. Fuatana naye, na akishindwa kueleza, sema wewe kwa idhini yake: "Mke wangu ana zaidi ya wiki 2 halali vizuri hata mtoto akilala, hafurahii kitu, na amesema mtoto angepata mama mwingine." Sentensi hiyo inamtosha mhudumu kujua la kufanya. Upo mtihani mfupi wa maswali 10 uliotungwa Edinburgh, nchini Scotland, mwaka 1987, unaouliza hali ya mama katika siku 7 zilizopita. Umetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na swali lake la mwisho linahusu kujidhuru. Mkiona kwamba kituoni hawana la kuwasaidia, ombeni rufaa ya kwenda kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Bombo, ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa wenu. Kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa kichaa, na si lazima mtaa mzima ujue.

Tiba yenyewe ina njia mbili, na mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni mazungumzo ya tiba na mtu aliyefunzwa. Msidhani kwamba ni jambo la matajiri au la Ulaya pekee: mwaka 2008 ulitangazwa utafiti uliofanywa vijijini Pakistan, karibu na Rawalpindi, ambako wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea majumbani mama wenye sonona, kuwasaidia kuyachunguza mawazo yao ya kujilaumu na kuzishirikisha familia zao. Mtoto alipofikisha miezi 6, waliobaki na sonona kati ya waliotembelewa kwa njia hiyo walikuwa asilimia 23, wakati kati ya waliopata ziara za kawaida walikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani lilikuja kutoa mwongozo wa njia hiyo kwa ajili ya nchi nyingine. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu mama mkwe hakufukuzwa sebuleni; alikaribishwa akae asikilize.

Njia ya pili ni dawa. Sertraline, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, hivyo mama wengi huitumia bila kumwachisha mtoto ziwa, ingawa ni daktari ndiye atakayechagua kulingana na hali ya mkeo. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu, kwa hiyo msiziache wiki ya kwanza mkisema hazifanyi kazi, na akipona ataendelea nazo kwa miezi 6 au zaidi kwa ushauri wa daktari. Usimnunulie vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa kwa kusikia kwa watu. Vinamlevya yeye na mtoto, na ugonjwa unabaki pale pale.

Wakati mkisubiri tiba ishike, dawa iliyo mikononi mwako ni usingizi wake. Mama huyu anahitaji saa nne au tano za mfululizo, na hawezi kuzipata akijua kwamba kila kilio ni chake. Anyonyeshe saa 2 usiku, kisha aende kulala chumba kingine, nawe ubaki na mtoto hadi saa 7 usiku. Maziwa ayakamue mapema: kwenye friji hukaa hadi siku 4, lakini mezani, kwa joto la Tanga, yasizidi saa chache. Mnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo kisafi au kijiko. Usiku wa kwanza mkeo hatalala, atakuwa amekaa kitandani akisikiliza. Usimlaumu, endelea, usiku wa tatu au wa nne ataanza kuamini. Ninajua unaamkia karakana. Ndiyo maana alfajiri ni zamu ya mama yako.

Hapo tunamfikia mama. Yeye ni msaada mkubwa kuliko wote ulio nao, na kwa sasa maneno yake ni sehemu ya mzigo. Zungumza naye wewe, peke yako, mkeo asiwepo wala asitajwe kuwa ndiye aliyelalamika, kwa sababu ukisema "mke wangu anaumizwa na maneno yako" utakuwa umewagombanisha. Mwambie: "Mama, mzazi wetu anaumwa. Nilidhani ni tabia, kumbe ni ugonjwa, na tunakwenda hospitali. Naomba unisaidie jambo moja: alfajiri umpokee mtoto, na ukimwona amelala mchana usimwamshe." Kisha nenda naye siku moja kwa mhudumu, asikie kwa masikio yake. Wanawake wa umri wake wengi walipitia hali hii bila kuwa na jina la kuiita, na nimewaona baadhi yao wakinyamaza kidogo, kisha wakaanza kusimulia uzazi wao wenyewe. Kuanzia hapo huwa watetezi.

Kuhusu kombe na dua, sina ugomvi nazo. Kama mkeo anapata utulivu kwa kusomewa, asomewe. Ninachokataa ni kunyweshwa mizizi na majani yasiyojulikana huku ananyonyesha, kupigwa au kufungiwa kwa kisingizio cha kumtoa jini, na kuambiwa aache dawa za hospitali. Dua na dawa vinaweza kukaa nyumba moja.

Umesema pia kwamba humwambia ashukuru, kwa kuwa wenzake wanatafuta watoto hawapati. Najua nia yako ni njema, lakini mwenye sonona tayari anajiona mwovu, na ukimkumbusha shukrani unamwongezea shitaka. Mwambie ulichokiona: "Nimekuona umeamka usiku mara zote zile. Najua umechoka. Huu ni ugonjwa, hukuutaka, na mimi siondoki." Asipojibu, kaa naye bila kusema.

Sasa nimrudishe kwao? Swali hili nimelifikiri sana, kwa kuwa jibu lake linategemea neno hilo litatamkwaje na wewe, na litasikikaje kwake. Huku kwetu mwanamke kwenda kwa mama yake kwa uzazi wa kwanza ni heshima ya kawaida, na kama mama mkwe wako ana afya, ana nafasi, na mkeo hupata raha kwake, wiki kadhaa za kulelewa na mama aliyemzaa zinaweza kufanya kazi ambayo nyumba yenu haijaweza. Lakini katika barua yako umeandika "apumzike au ajirekebishe," na hayo ni mambo mawili yaliyo mbali. Akirudishwa ajirekebishe, ataelewa kwamba ameachwa nusu, majirani wataelewa hivyo hivyo, na lile wazo kwamba mtoto angepata mama mwingine litakuwa limepata shahidi. Basi mwulize kwanza yeye anataka nini, akiwa amelala usiku mmoja au miwili. Akisema anatamani kwa mama yake, mpeleke wewe mwenyewe, mchana, pamoja na mtoto na matumizi, umwambie mama mkwe wako mbele yake kwamba binti yake anaumwa, anatibiwa, na utakuja kila mwisho wa wiki. Mkubaliane siku ya kurudi, na hakikisha kituo cha afya cha huko kina taarifa zake. Akisema hataki kwenda, asiende. Na asipelekwe popote kabla ya kuonwa na mhudumu, wala asitenganishwe na mtoto wake, isipokuwa daktari ameona hatari.

Naomba nikuulize na wewe jambo, maana barua nzima hukuandika hata sentensi moja kuhusu usingizi wako. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 43 kuhusu akina baba na wakakuta kwamba takriban asilimia 10 yao hupatwa na sonona kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, zaidi mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kwamba mke akiugua uwezekano wa mume kuugua huongezeka. Kwa wanaume huzuni hii hujificha kwenye hasira, pombe, au kubaki karakana hadi usiku ilhali kazi imekwisha. Ukijiona humo, umweleze mhudumu yule yule siku mtakayokwenda.

Swali lako la tatu, kama itakuwa hivi kila mkizaa: aliyewahi kuugua sonona hii ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuugua tena, lakini wengi huzaa tena salama, na uzazi wa pili una faida ambayo wa kwanza haukuwa nayo, kwamba mnajua mnachokitazamia. Tumieni uzazi wa mpango hadi atakapokuwa amepona kabisa na kumaliza dawa kwa ruhusa ya daktari. Akishika mimba, semeni siku ya kwanza kliniki kwamba alipata sonona uzazi uliopita, ili iandikwe kwenye kadi yake, na kama anatumia dawa asiziache ghafla kwa kuhofia mimba kabla ya kumwona daktari. Pangeni mapema nani atapokea mtoto usiku, na mwombeni bibi wa Pangani ahesabu siku 90 badala ya 40.